Kimeng'enya cha Nani? Uhakiki wa Istilahi za Moyo katika Tafsiri Moja ya Pwani ya Kusini

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwetu ili tuzitazame kabla ya kupigwa chapa, zimo zile ndogondogo ambazo mtu aweza kuzidharau: matangazo ya zahanati, maelekezo ya dawa, vijikaratasi vya afya. Sisi twaziona kuwa ni kazi nzito kupita riwaya. Msomaji wa riwaya asipoelewa neno hulipita akaendelea na hadithi. Msomaji wa maelekezo ya dawa asipoelewa neno aweza kulipa kwa uhai wake.

Hivi karibuni tulipokea rasimu ya kijikaratasi cha kurasa nne, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Kilwa na pwani ya Lindi. Kinahusu kimeng'enya kimoja ambacho kazi yake ni kugeuza aldehaidi mwilini, na jinsi kimeng'enya hicho kinavyoathiri uzima na ugonjwa wa moyo. Aliyekifasiri hatutamtaja, wala ofisi iliyompa kazi, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Kiswahili chake ni safi, sarufi yake haina dosari kubwa, na mahali pengine ametumia maneno ya pwani kwa ustadi. Hata hivyo tumeona kasoro sita za istilahi, na twadhani kuzieleza hadharani kutawafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao kila siku hukabiliwa na kazi ya namna hii.

I. Jambo Lenyewe

Hapana mfasiri awezaye kufasiri asichokielewa. Kwa hiyo yafaa tueleze kwanza jambo lenyewe kwa ufupi, na bahati njema ni kwamba pwani ya kusini ina mfano wake tayari.

Mgema apandapo mnazi na kotama yake, hukata ncha ya karara, akatundika kibuyu, na utomvu ukadondoka humo. Utomvu huo ukitekwa mapema ni tembo tamu. Ukikaa saa chache zaidi huwa tembo kali, kwa kuwa chachu iliyomo imegeuza sukari kuwa alkoholi. Ukiachwa wazi siku nyingi, huwa siki, ile ile itiwayo katika achari. Wenyeji wazijua hatua hizi tatu tangu zamani, na wamezipa majina. Lakini baina ya tembo kali na siki ipo hatua nyingine iliyojificha, ambayo haina jina kwa sababu hakuna aionaye. Alkoholi haigeuki siki mara moja. Hugeuka kwanza asetaldehaidi, nayo ni sumu. Kisha asetaldehaidi ndiyo igeukayo asidi ya asetiki, yaani asidi inayoipa siki ukali wake.

Mwili wa binadamu hufuata njia hiyo hiyo. Alkoholi ifikapo kwenye ini, kimeng'enya cha kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, na kimeng'enya cha pili huigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, jamaa ya siki. Hicho cha pili ndicho wanasayansi wanachokiandika kwa alama ALDH2. Makao yake ni ndani ya mitokondria, vile vijumba vya seli vinavyotengeneza nishati. Na kwa kuwa moyo hupiga usiku na mchana bila kupumzika, misuli yake imejaa mitokondria tele, na kwa hiyo ina ALDH2 kwa wingi.

Hapa msomaji ataona kwamba habari haiishii kwenye tembo. Aldehaidi ni ukoo mkubwa. Fomalini ambayo mwalimu wa biolojia huhifadhia vyura na samaki ni aldehaidi iliyochanganywa na maji. Harufu nzuri ya mdalasini hutokana na aldehaidi. Moshi wa tumbaku una aldehaidi. Mafuta ya kukaangia yakichemshwa na kurudiwa mara nyingi huzaa aldehaidi. La kuzingatia zaidi ni kwamba mwili wenyewe huzitengeneza. Mshipa wa damu wa moyo ukiziba, kisha damu ikarudi, mafuta yaliyomo katika tando za seli huoksidishwa, na hapo huzaliwa aldehaidi kali ambazo hunata kwenye protini na kuziharibu. ALDH2 ndicho kimojawapo cha vimeng'enya vinavyozigeuza zisiendelee kuleta madhara.

Mwaka 2008 Che-Hong Chen, Daria Mochly-Rosen na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya kitu walichokiita Alda-1, ambacho hukiongezea nguvu kimeng'enya hiki. Katika panya waliokatiziwa damu ya moyo, sehemu ya misuli iliyokufa ilipungua kwa asilimia 60. Hayo ni majaribio ya panya, na mfasiri yampasa kulisema hilo wazi. Rasimu tuliyoipokea imeandika "dawa mpya ya moyo imepatikana", maneno ambayo hayamo katika matini ya asili. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na ni ya kuongeza tumaini ambalo mwandishi hakulitoa.

II. Neno "Kimeng'enya"

Neno kimeng'enya limekwisha kuenea katika vitabu vya shule na katika kamusi. Limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu vipande vidogo, na kutoka hapo tukapata mmeng'enyo wa chakula. Kwa mate, tumbo na utumbo, neno hili ni zuri mno. Shida huanza kinapotajwa kimeng'enya kisichohusika na chakula. Mfasiri wetu, alipokutana na kimeng'enya kilichomo moyoni, alihisi kwamba neno peke yake halitoshi, akaandika "kimeng'enya cha kusagia chakula kilichomo ndani ya moyo". Msomaji atajiuliza: chakula kimefikaje moyoni?

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hii neno lenyewe litupwe, tuchukue enzaimu kama lilivyo. Wengine wanapendekeza kichocheo. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Kichocheo kimekwisha kupewa kazi nyingine katika kemia, ambako hutaja kitu chochote kiharakishacho badiliko, hata kipande cha madini. Na waandishi wengine wamelitumia kwa homoni. Kuliongezea mzigo wa tatu ni kuliua. Ama enzaimu, si neno baya, na katika maandishi ya wataalamu halina madhara. Lakini tukumbuke lilikotoka. Mjerumani Wilhelm Kühne ndiye aliyeliunda katika miaka ya 1870, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Wazungu wenyewe waliliita jambo la mwili mzima kwa jina la chachu ya pombe na mkate, na hakuna daktari wa kwao anayedhani leo kwamba moyo una hamira. Desturi imelipanua neno hata likavuka asili yake.

Ndivyo na kimeng'enya. Neno halifungwi na mzizi wake milele. Hufunguliwa na matumizi. Kinachotakiwa ni mwalimu wa sayansi kulieleza tangu mwanzo kwamba kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kemia mwilini, liwe la kuvunja au la kuunga, na mfasiri kuliacha neno lisimame peke yake bila kuliegemezea chakula.

III. "Kimeng'enya cha Pombe"

Hii ndiyo kasoro iliyotufanya tuandike makala haya. Jina kamili la ALDH2 kwa lugha za kigeni ni refu, na maana yake ni kimeng'enya kiondoacho hidrojeni katika aldehaidi. Mfasiri, kwa kutaka wepesi, amekiita "kimeng'enya cha pombe" tangu kichwa cha habari hadi mwisho.

Tufikirie sasa kijikaratasi hiki kikiwa mezani katika zahanati ya Kilwa Kivinje. Wakazi wengi wa mji ule ni Waislamu, na wengi wao hawajapata kuonja tembo la mnazi wala uraka wa mabibo maishani mwao. Mama mmoja mwenye shinikizo la juu la damu anakiokota. Anasoma kichwa cha habari: "Kimeng'enya cha Pombe na Moyo Wako". Anakirudisha mezani, pengine kwa hasira, kwa kuwa ameona anasingiziwa ulevi. Kumbe ndani yake mmeandikwa habari za moshi, za mafuta yaliyorudiwa, na za mishipa ya damu ya moyo iliyoziba, ambazo zamhusu sana. Istilahi moja imemfungia mlango.

Twamwelewa mfasiri. Kimeng'enya hiki kilijulikana kwa watu kwa ajili ya kileo, na mfano wa tembo na siki, ambao sisi wenyewe tumeutumia hapo juu, ndio ulio rahisi zaidi. Lakini mfano ni ngazi ya kupandia; haufai kuwa jina la nyumba. Jina la kitu litokane na kazi yake yote.

Katika majadiliano yetu lilitolewa pendekezo la "kimeng'enya kizimua-aldehaidi", kwa kuwa kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu, kama vile kutia maji ya baridi katika maji ya moto. Kwa kamusi pendekezo lilikuwa jema. Kwa masikio halikufaa. Mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba wanywaji wa pombe husema wanazimua wanapokunywa tena asubuhi ili kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Tungalilipitisha neno lile, tungaliwapa hoja ya kisayansi.

Tumeafikiana juu ya "kimeng'enya kigeuza-aldehaidi". Kugeuza ni kitenzi kisicho na upande. Hakimtaji mlevi wala hakimsifu mwenye kujizuia. Chasema tu yanayotendeka. Katika vitabu vya vyuo na majalada ya hospitali, jina la kimataifa liandikwe kwa sauti za Kiswahili, yaani aldehaidi dehidrojenesi, na alama ALDH2 iachwe kama ilivyo, kama tusivyoifasiri alama ya maji katika kemia. Tena mfasiri achague baina ya hidrojeni na haidrojeni, maana yote mawili yameonekana vitabuni. Rasimu hii ina la kwanza katika ukurasa wa pili na la pili katika ukurasa wa tatu, hata msomaji aweza kudhani ni vitu viwili.

IV. "Waasia" na "Kuona Haya"

Wako watu waliorithi ALDH2 dhaifu. Protini hii ina asidi amino zaidi ya 500, na udhaifu hutokana na badiliko la moja tu kati ya hizo: mahali palipopaswa kuwa na glutamati pamekaa lisini. Kimeng'enya chenyewe huundwa na vipande vinne vilivyoshikamana, na kipande kimoja kibovu huwadhoofisha wenzake. Kwa hiyo hata mtu aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu hupungukiwa na nguvu ya kimeng'enya kupita nusu. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 500 wana urithi huu, karibu asilimia 8 ya wanadamu wote. Wakinywa kileo kidogo tu, asetaldehaidi hujikusanya, nyuso zao huiva, moyo huenda mbio na kichefuchefu huwashika. Hali kama hiyo huletwa kwa makusudi na disulfiramu, dawa wanayopewa watu wanaotaka kuacha ulevi, kwa kuwa nayo huzuia kazi ya vimeng'enya vya namna hii.

Karibu wote wenye urithi huo ni wa asili ya Asia ya Mashariki, yaani China, Japani, Korea na jirani zao. Katika Afrika ni nadra sana. Rasimu yasema: "Kasoro hii huwapata Waasia." Kwa mwandishi aliyeko Marekani, neno hilo humletea mawazoni Mchina au Mjapani. Katika Tanzania, na hasa katika miji ya pwani kama Lindi na Kilwa Kivinje, ambako wafanyabiashara kutoka Bara Hindi wameishi kwa vizazi vingi, "Mwasia" ni Mhindi. Mfasiri amefasiri neno kwa neno, na kwa kufanya hivyo amewabandika kasoro ya urithi majirani ambao kwao ni adimu, na amewaacha wanaohusika. Kosa la namna hii haligunduliwi kwa kamusi, kwa maana kamusi itamwambia kwamba hakukosea. Hugunduliwa kwa kuijua nchi.

Katika sentensi iliyofuata, kuiva kwa uso kumefasiriwa "uso kuona haya". Ni kweli kwamba mtu akiona haya aweza kuiva uso, lakini sababu na dalili si kitu kimoja. Aidha, katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, bali joto huhisika. Ingefaa kuandikwa: "uso kupata joto ghafula na kuiva".

Lipo jambo kubwa kuliko maneno haya mawili. Matini ya asili iliandikwa kwa watu ambao wengi wao huiva uso, ikawaonya. Ikiletwa Lindi bila kubadilishwa, onyo hugeuka ruhusa. Mnywaji wa uraka wakati wa msimu wa korosho atajipima kwa kioo, aone hana dalili hata moja, kisha aseme: "Kimeng'enya changu ni kizima, hakinidhuru kitu." Hii si kweli. ALDH2 kizima hupunguza asetaldehaidi tu. Unywaji wa kupindukia hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha misuli ya moyo hata kwa mtu ambaye hajapata kuiva uso. Na nchini Tanzania shinikizo la juu la damu ni mojawapo ya visababishi vikuu vya moyo kupungukiwa nguvu. Hapa mfasiri mwaminifu hana budi kurudi kwa aliyempa kazi na kumwambia kwamba aya hii yahitaji sentensi mbili zaidi kwa msomaji wa hapa. Wafasiri wengi huogopa kusema hivyo, wakidhani wanavuka mpaka wao. Sisi twaona kwamba ndipo kazi yao inapoanza.

V. Moyo, Mshipa na Mshtuko

Katika Kiswahili, moyo ni kiungo cha mwili na ni makao ya nia. Mtu huwa na moyo mweupe, moyo mzito au moyo wa jiwe, na daktari hahusiki. Rasimu imejua hatari hii na imeiepuka vizuri kwa kuandika "afya ya moyo" na si "moyo mwema", kama tulivyopata kuona mahali pengine. Vilevile twalisifu neno kiungulia lilivyotumiwa mahali pake. Tumekwisha kusoma tafsiri zilizosema "moyo kuungua" kwa maumivu ambayo chanzo chake ni tumbo.

Lakini mshipa umemshinda. Ameandika "ugonjwa wa mshipa" kwa ugonjwa wa mishipa ya damu iliyosongwa na mafuta. Mshipa, katika matumizi ya pwani, waweza kuwa wa damu, waweza kuwa wa fahamu, na mtu akisema "ana mshipa" wengi huelewa ngiri au busha. Pwani ya Lindi imetaabika muda mrefu kwa matende na mabusha. Mzee aliyeshika kijikaratasi hiki atakwenda kutibiwa kiungo kingine kabisa. Katika vitabu vya shule tuna ateri na vena. Katika maandishi ya watu wote iandikwe kwa ukamilifu, "mshipa wa damu wa moyo", hata kama sentensi itarefuka.

Ama "mshtuko wa moyo", lililotumiwa mara saba, ni neno ambalo magazeti yamelizoea, nasi hatutumaini kuling'oa. Twataka tu kuonyesha uzito wake. Mshtuko huletwa na habari mbaya, na kwa hiyo wasomaji wengi huamini kwamba ugonjwa huu huletwa na habari mbaya, na kinga yake ni kufichwa habari. Pili, waganga hutumia neno hilo hilo kwa hali ya mwili kuishiwa na nguvu ya mzunguko wa damu. Tatu, hulitumia tena kwa umeme unaopitishwa kifuani ili kuurudisha moyo katika mapigo yake. Vitu vitatu kwa jina moja katika chumba kimoja cha wagonjwa ni hatari. Shambulio la moyo ni fasiri ya neno kwa neno, lakini angalau halidanganyi kuhusu chanzo. Bora kuliko yote, kila inapowezekana, ni kueleza: "mshipa wa damu wa moyo umeziba, na sehemu ya misuli imekosa damu". Maelezo haya yamweleza mgonjwa kwa nini aharakishe hospitali, jambo ambalo neno mshtuko haliwezi.

Kwa moyo usioweza kusukuma damu ya kutosha, rasimu ina "moyo kushindwa". Twapendelea "moyo kupungukiwa nguvu". Aliyeshindwa amemaliza mashindano; ilhali wagonjwa wa namna hii huishi miaka mingi wakitunzwa. Ama mapigo yaendayo kasi, mfasiri ameandika "kiherehere cha moyo", neno la asili kabisa, na mzee wa Kilwa Kisiwani angelifurahia. Kwa masikitiko twamshauri aliache. Vijana wa leo wamjua mwenye kiherehere kuwa ni mtu ajipendekezaye kwa kazi zisizo zake. Aandike "moyo kwenda mbio".

VI. Kidonge na Baruti

Kasoro ya mwisho ni fupi na ndiyo ya kutisha. Kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu, madaktari hutoa nitrogliserini. Ni kitu cha historia ya ajabu. Alfred Nobel alikifanya baruti ya kupasulia miamba katika miaka ya 1860. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London aliandika juu ya matumizi yake kwa maumivu ya kifua. Na Nobel mwenyewe uzeeni aliandikiwa kitu hicho hicho na madaktari kwa ajili ya moyo wake. Kilivyofanya kazi hakikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 2002 Zhiqiang Chen, Jian Zhang na Jonathan Stamler wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba ALDH2 ndicho kinachokigeuza mwilini hata mishipa ya damu ikalegea. Ndiyo maana wagonjwa wenye ALDH2 dhaifu mara nyingi hupata nafuu ndogo, jambo lililothibitishwa kwa wagonjwa wa China. Kimeng'enya chetu, basi, kina kazi hata katika kidonge.

Mfasiri, kwa kupenda historia, ameongeza maelezo: "dawa hii ni baruti". Katika pwani ambako uvuvi wa baruti umevunja matumbawe, umekata mikono ya watu na umewafikisha wengine gerezani, neno hilo si la kuchezea katika maelekezo ya dawa. Mvuvi wa Songosongo ataliweka chini ya ulimi?

Na kuhusu ulimi, rasimu yasema: "Meza kidonge kimoja chini ya ulimi." Hapana mtu amezaye kitu chini ya ulimi. Msomaji atachukua neno alilolizoea, ameze kwa maji. Dawa hiyo ikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na sehemu yake kubwa huharibiwa kabla haijafika moyoni. Ikiwekwa chini ya ulimi huingia katika damu moja kwa moja. Kitenzi kimoja kimetenganisha nafuu na mauti. Iandikwe: "Weka kidonge kimoja chini ya ulimi, kiache kiyeyuke. Usikimeze."

VII. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tumemrudishia mfasiri rasimu yake pamoja na mapendekezo haya:

(a) Kimeng'enya libaki, bila kufungamanishwa na chakula.

(b) ALDH2 kiitwe kimeng'enya kigeuza-aldehaidi katika maandishi ya watu wote, na aldehaidi dehidrojenesi katika maandishi ya wataalamu.

(c) "Waasia" iwe "watu wenye asili ya Asia ya Mashariki, kama vile China, Japani na Korea".

(d) "Uso kuona haya" iwe "uso kupata joto ghafula na kuiva", na iongezwe kwamba asiyeiva uso hakukingwa na madhara ya kileo.

(e) "Ugonjwa wa mshipa" iwe "ugonjwa wa mishipa ya damu ya moyo". "Moyo kushindwa" iwe "moyo kupungukiwa nguvu". "Kiherehere cha moyo" iwe "moyo kwenda mbio".

(f) Baruti iondolewe, na kitenzi kumeza kiondolewe pamoja nayo.

(g) Habari za Alda-1 zielezwe kuwa ni majaribio ya panya.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa ikipimwa kwa idadi ya maneno yaliyosanifiwa. Kipimo hicho kilifaa wakati tulipokuwa hatuna maneno. Leo nchi ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mgonjwa wa Nangurukuru aweza kupelekwa Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji wa moyo. Maneno tunayo mengi. Kinachopungua ni kuyajaribu kwa wale watakaoyatumia. Mfasiri huyu angaliisoma rasimu yake kwa sauti mbele ya watu wanne tu wa Kilwa, yaani mgema, mvuvi, mama asiyekunywa na mzee mwenye busha, kasoro nyingi kati ya hizi zingalijitokeza kabla ya magharibi, na sisi tusingalikuwa na la kuandika.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wa Kilwa, Lindi na Mikindani, hasa walimu na wauguzi, watuletee maneno ambayo wagonjwa wao huyatumia kueleza maumivu ya kifua, kuchoka, kuvimba miguu na mapigo ya moyo, pamoja na maana wanayoyapa. Maneno hayo yapo, na yalikuwapo kabla ya kamati zetu. Tukiyapata tutayachapa, na mfasiri ajaye hatalazimika kukisia.